Mbigili Zangu Hazing'olewi

Stechford, Birmingham
Julai

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, alhamdulillah, na eda ya marehemu Faisal nimeimaliza salama.

Najua Kaka Ameir ameshakwambia kuwa nimerukwa na akili. Basi sikiliza na kwangu.

Ni kweli mbele ya nyumba nimepanda mbigili, miba mitupu, tena kwa makusudi. Mbegu alinipa Bi Jasvir, jirani yangu wa Kipunjabi. Kuna vipepeo wa rangi ya machungwa wanaohamia huku kutoka Afrika, na mbigili za hapa ndizo wanazotagia mayai. Eda yote nilikaa dirishani nikiwangoja. Walipokuja, wakataga, na viwavi wakatoka, wallahi nilicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya khitma ya kutoka eda, wanawake wenzangu walifika asubuhi kunisaidia, kama ilivyo desturi yetu. Mmoja wao, Bi Muslimo, akauona uwanja, akadhani kwa msiba nimeshindwa hata kufagia. Kwa huruma yake akavaa glavu, akaanza kung'oa. Natoka nje, nusu ya mbigili ziko chini na viwavi juu yake! Nilipiga ukelele mpaka biriani ikasahauliwa jikoni. Nikamwambia aache, uwanja ni wangu. Akaniuliza ni mtu gani mwenye akili anayefuga miba. Nikamjibu kuwa ni mimi, nikachutama na nguo zangu za khitma, nikawaokota viwavi mmoja mmoja nikiwarudisha kwenye mbigili zilizobaki. Hakuna aliyeinama kunisaidia. Mchana simu zilikuwa zimeshafika Unguja.

Sasa Kaka amenikatia tiketi. Anasema mjane asiye na mtoto hana la kungoja Uingereza. Na wewe nasikia umeshakipaka rangi chumba changu. Mama, bora uambiwe na mimi: tiketi nimeikataa, na mkataba wa nyumba hii nimeuandikisha kwa jina langu. Sirudi. Mume mlinichagulia, kuja huku nilichaguliwa, na kote niliitika labeka. Kubaki nimechagua mwenyewe. Ukitaka kulia, lia, mama yangu, hata mimi nimelia. Lakini sirudi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na Ameir pia, ingawa kaniudhi khasa. Hasira zako nitazipokea, ila radhi zako usininyime.

Mwanao akupendaye,
Mwanamize