Nilimwambia Mimi ni wa Uyoma

Mpendwa Mama Milka,

Naomba msaada wako kabla shule hazijafungwa mwezi wa nane, kwa sababu baada ya hapo nitakuwa nimechelewa, na kuna mama mtu mzima atakayeaibika mbele ya ndugu zake kwa sababu yangu. Tafadhali usitaje jina langu.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Kisumu. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali huwa najua jibu lakini mdomo haufunguki, na ilianza kidato cha kwanza niliposimama kusoma na wenzangu wakaniigiza ninavyotamka, maana sisi nyumbani ni Wanyala, watu wa Port Victoria, na Kijaluo changu nimekiokota hapa mjini. Tangu siku hiyo wakati wa mapumziko nakaa na kitabu. Lakini jambo ambalo mwenyewe silielewi ni kwamba saa kumi nikitoka shuleni nikapita mjini peke yangu, kati ya watu wazima nisiowajua, ninaongea. Naongea na mzee anayepima watu uzito kwa mizani yake nje ya posta, naye ananiambia ni nani amenenepa mwaka huu na nani anavua viatu ili mizani imhurumie. Naongea na bawabu wa duka la vitambaa aliyekuwa mpishi wa meli ya Mwanza. Nateremka hadi ziwani kutazama magugu yamesogea kiasi gani tangu jana, nasimama kwenye harufu ya samaki wanaokaangwa, halafu ndiyo narudi nyumbani, na Mama yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, anadhani nilikuwa maktaba.

Sasa kuna Mama Dorca. Anauza njugu kwenye baraza la duka moja, kando ya cherehani ya Mzee Hemedi fundi, na njugu zake anazifunga kwa karatasi za magazeti na vitabu vilivyochanika. Mwaka jana nilinunua, nikala, nikakunjua karatasi nikakuta hadithi ya watu wawili walioshtakiana kwa sababu ya ng'ombe, na hadithi yenyewe ilikatika kabla hakimu hajafungua mdomo. Sikulala vizuri. Kesho yake nilirudi nikamuuliza kama ana ule ukurasa mwingine.

"Wewe unataka njugu ama unataka karatasi?" akauliza.

"Karatasi," nikasema, halafu nikaona haya nikasema vyote viwili.

Mzee Hemedi hakuondoa hata mguu kwenye cherehani. "Mpe, Dorca," akasema. "Huyu ndiye mteja wa kwanza kula karatasi akaacha njugu."

Walicheka, na mimi nikacheka kwa sauti hadi watu wakageuka, kitu ambacho sijawahi kufanya shuleni. Kuanzia hapo nikawa nawasomea kila siku, kwa sababu Mama Dorca hakupelekwa shule na Mzee Hemedi macho yake siku hizi anayawekea tundu la sindano tu. Hata safu yako niliifahamu kupitia njugu, ndiyo maana mpaka leo sijui yule bwana wa Nakuru aliyetaka kumrudisha mke wake ulimwambia nini.

Siku ya tatu Mama Dorca aliniuliza swali ambalo wazee wa huku huuliza kabla hawajakupa kiti. "Nyar kanye?" Yaani mimi ni msichana wa wapi. Mama Milka, sijui nikuelezeje. Niliona tena darasa zima linacheka. Siku hiyo katika jiografia tulikuwa tumechora Ghuba ya Winam, na mimi nilikuwa nimetumia saa nzima ya chakula kuandika Uyoma kwa wino wa buluu mpaka ikapendeza, na jina hilo ndilo lililotoka. Nikasema Uyoma.

Aliacha kumenya. "Uyoma wapi?"

Nikasema Madiany, kwa sababu ndiyo nukta niliyokuwa nimeiweka.

"Madiany ndio kwetu," akasema. "Sasa baba yako ni ndugu yangu. Mimi ni waya wako. Kaa hapa." Waya ndiyo shangazi, dada yake baba. Akageuza kreti la soda, akalipangusa kwa leso yake, nikakaa, na nimekaa juu ya kreti hilo karibu mwaka mzima nikijua kwamba si langu. Alipouliza jina la baba nilimpa la ubatizo, Nicodemus, kwa sababu halionyeshi mtu anatoka wapi.

Nilijitahidi kuubeba uongo wangu. Maktaba nilienda kweli, nikasoma ramani hadi nikajua barabara zote za huko. Siku moja aliniuliza, "Ile kengele ya kanisa letu bado inalia vizuri?" nikamjibu ndiyo, inalia vizuri sana, inasikika mbali. Akatikisa kichwa akaniongezea njugu. Kama wiki mbili baadaye alikuwa akimsimulia Mzee Hemedi utoto wake, akasema Jumapili walikuwa wanaitwa kanisani kwa ngoma, kengele hawakuwahi kuwa nayo. Nilishukuru moyoni kwamba amesahau alichoniuliza.

Shida yenyewe ni hii. Mama Dorca hajakanyaga kwao miaka kumi na moja. Mama yake alipofariki, mume wake hakumpa ruhusa mapema, akafika siku mbili baada ya mazishi, na kaka yake, anayeitwa Obiero, akamwambia mbele ya watu wote arudi alikotoka kwa kuwa wenye mama wamekwisha kuzika. Akarudi na vyombo vyake kichwani. Sasa Obiero ni mgonjwa wa miguu, ametuma neno kwa mchuuzi wa samaki kwamba dada yake aje. Mama Dorca amenunua sukari, majani ya chai na blanketi, vitu viko tayari kwenye kikapu chini ya meza ya Mzee Hemedi, lakini amesema hawezi kuingia kwenye boma lile peke yake. Amenichagua mimi. Tutakwenda Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga shule.

"Wewe utatangulia mbele," aliniambia. "Obiero akiona mtoto wa nyumbani, mdomo yake itakosa maneno."

Nimefikiria kujifanya mgonjwa siku hiyo. Nimefikiria kwenda tu na kunyamaza. Wiki iliyopita nilijaribu kupita barabara nyingine, nikapita siku tatu, na siku ya nne nilikutana na Mzee Hemedi anakwenda kuswali alasiri, akaniambia, "Umetukimbia? Waya wako amekuwekea karatasi tatu, amekataa kufungia watu." Nilienda nikazisoma na sauti ikawa inakatika, nikasema ni mafua.

Nyumbani nako Mama ameniuliza, "Siku hizi unaongea mezani, nani amekufundisha?" Nikasema hakuna.

Nikisema ukweli nitawapoteza watu wawili ninaoongea nao kuliko wote, na huenda Mama Dorca akaahirisha safari na kaka yake akafa hawajaonana. Nisiposema, nitaingia Uyoma mbele yake nikiwa mtoto wa watu wasiojulikana. Nifanye nini?

Ni mimi,
Msomaji wa Karatasi, Kisumu


MAMA MILKA ANAJIBU

Mwanangu Msomaji,

Majina ya watu nimeyabadilisha yote uliyoyaandika. Kengele imenishinda kubadilisha, na nitairudia.

Kwanza nikutoe hofu moja. Kupenda maongezi ya watu wazima si ugonjwa. Unakaa barazani, mchana, mbele ya wapita njia wote, kati ya kikapu cha njugu na cherehani, na umepata pale sauti ambayo darasani ilikukimbia. Huo ni mji unakulea, na wengi wetu tumelelewa hivyo. Wapo watu wazima wengine ambao ukiwaona wanakuita pembeni unavuka barabara, na naamini unawajua, lakini hawa wawili hawafanani nao.

Sasa nikukaripie kidogo, na usikunje uso. Mama yako anadhani uko maktaba. Mwaka mzima. Tena alikuuliza kwa upole kabisa nani amekufundisha kuongea, yaani alikuvutia kiti, nawe ukamjibu hakuna. Mama Dorca na Mzee Hemedi ndio hakuna? Na ulikuwa unapanga kupanda gari hadi Uyoma na mtu ambaye mama yako hajawahi kumsalimu. Ungepotelea huko angeanza kukutafuta maktaba.

Kuhusu Uyoma. Ulidanganya kwa hofu, naelewa, wale watoto wa kidato cha kwanza walikufanyia vibaya. Lakini mama wa njugu hakuwa darasani siku ile. Alikuuliza swali la heshima, nawe ukamjibu kana kwamba amekucheka. Usijidanganye tena kwamba utakwenda na kunyamaza. Kwa watu wa huko, kabla kikombe cha kwanza cha chai hakijapoa utakuwa umeulizwa baba wa baba yako ni nani, na mama yake alitoka wapi, na ramani yako haina hayo. Atakayeona aibu si wewe peke yako. Ni mwanamke aliyefukuzwa pale mara moja mbele ya watu, amerudi baada ya miaka kumi na moja, na neno la kwanza linalomtoka ni la uongo ambao hata si wake. Hilo hutamfanyia.

Turudi kwa kengele. Wewe unasoma kila karatasi inayopita mkononi mwako, lakini huyu mama hukumsoma. Mtu aliyezaliwa mahali anakuuliza kuhusu kengele ambayo haikuwahi kuwepo, unamjibu inalia vizuri, na yeye anakuongezea njugu. Halafu wiki mbili baadaye anasema habari ya ngoma, wewe ukiwa umekaa hapo hapo ukisikia. Mimi sidhani kwamba alisahau. Nadhani alikufungulia mlango mara mbili akangoja. Naweza kuwa nimekosea, simjui, lakini nimeuza vitu sokoni ujanani na najua mtu wa sokoni anavyopima mtu.

Usiichukue hiyo kuwa nafuu. Usiende kumwambia, "Najua kwamba unajua." Hiyo ni kumkabidhi yeye kazi yako.

Leo jioni mwambie mama yako yote, kuanzia karatasi ya ng'ombe. Atakasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Kesho nenda barazani wakati wateja hawajawa wengi. Usikae kwenye kreti. Simama, uwaamkie wote wawili, useme: "Mama, mimi si wa Uyoma. Baba yangu ni Nicodemus, mtu wa Port Victoria, sisi ni Wanyala. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa kuchekwa. Nisamehe." Kisha funga mdomo. Usieleze habari ya wino wa buluu mpaka uulizwe. Kama atakufukuza, nenda nyumbani, urudi siku inayofuata ununue njugu kama mteja mwingine yeyote, na siku ya tatu pia. Usipite barabara nyingine tena.

Na kama atakuruhusu kukaa, muulize kama bado anataka mtu wa kusafiri naye. Hahitaji kutoka Kisumu na mtoto wa nyumbani; nyumba ya Obiero nina hakika inao wa kutosha. Anayemhitaji ni mtu wa kukaa kando yake ndani ya gari, kwa sababu likisimama Kisian, mji ukiwa bado karibu, kupakia watu atatamani sana kushuka na kurudi mjini na blanketi lake, na mtu huyo amwambie, "Kaa, Mama, twende." Kazi hiyo hata msichana wa Port Victoria anaiweza. Mama yako akikubali, na ningependa aende nawe, shule zitakuwa zimefungwa na yeye pia yuko likizo, mfikishe Mama Dorca hadi langoni. Hapo mwache atangulie yeye. Ni kwao.

Yule bwana wa Nakuru, kwa kuwa mpaka leo hujui, nilimwambia aende mwenyewe kwa wakwe zake, asimtume mtu.

Jambo la mwisho, na ndilo linalonifanya nikuharakishe. Gazeti hili linatoka Jumapili. Kufikia katikati ya wiki litakuwa limekatwa vipande kwenye mabaraza yote ya Kisumu, na kuna mama mmoja hapo anayekuwekea kila karatasi yenye maandishi mengi. Siku moja wiki hii atakunyooshea moja akuombe usome, na huenda ikawa hii. Mzee Hemedi atasimamisha cherehani asikilize. Hakikisha kufikia siku hiyo hakuna mstari ndani yake utakaokuwa mgeni kwao, halafu uwasomee kwa sauti mpaka mwisho.

Mama Milka