Dubu Huchagua Kinono

Da Zuwena, shikamoo. Natumai jua la kijijini kwetu Samad halijakumaliza. Huku Alaska baridi inaniuma mifupa, na roho ndiyo zaidi.

Leo mwanangu Rahma kanipeleka kutazama dubu wakivua samoni. Kijito chenyewe chembamba kama falaji yetu, ule mfereji wa kumwagilia mitende, maji hayafiki magotini. Samaki wanarudi kuzaa walikozaliwa, migongo iko nje, hawana pa kujificha. Dubu anasimama penye maji haba, anamkandamiza samaki kwa mguu, anamng'ata. Anakula mayai na kichwa, kiwiliwili anakiacha majini, anakwenda kumshika mwengine.

Nikamuuliza mwenyeji wetu, "Mbona hammalizi?"

"Samaki wakiwa wengi, dubu huchagua kinono," akanijibu.

Hapo katika dubu yule nikamwona kaka yetu Khalfan. Anauza zamu yetu ya maji, na mitende ya mama anatuachia ikauke! Katika mafungu matano ya urithi, matatu ni yako na yangu, wala hakutuuliza. Mimi niliyeanza na mikono mitupu nikajenga, leo nashindwa kumzuia mtu mmoja.

Rahma akanicheka, "Baba, wallahi unamlilia samaki?"

"Namlilia bibi yako, mwanangu."

Kadi hii ikikufikia, huenda maji yameshauzwa. Kama bado, zamu ya mwisho ielekeze kwenye ule mtende wa mlangoni, aliouotesha mama kwa mkono wake. Mungu akuweke, dada. Ukiondoka wewe, sina tena pa kurudi.

Nduguyo, Nassor