Koti la Njoroge

Alhamisi, jioni

Tangu tumzike mume wangu Njoroge nimekuwa nikisema koti lake la bendi halitoki nyumbani. Leo nimelipeleka mwenyewe mtaani Kamenu, kwenye mazoezi ya bendi. Jumamosi wanapiga harusi, na mpiga tarumbeta mpya hawezi kusimama pale peke yake bila koti la zambarau kama wenzake.

Ni mwanamke, Wambui, mwalimu. Alilivaa polepole. Mikono ya koti ikamfunika hadi vidoleni.

Wakaanza ule wimbo wa Kimarekani wa soul wanaofungulia shoo. Ilipofika pale wapulizaji hugeuka pamoja, wote waligeuka kushoto. Wambui akageuka kulia, akamgonga wa saksofoni.

"Mwalimu, hapa ni kushoto," Kamau, kiongozi wao, akasema.

"Na mbona karatasi ya hatua uliyonipa imeandikwa kulia?"

"Ilikuwa kulia. Njoroge alikosea shoo ya kwanza kule Ruiru, na kila shoo baada ya hiyo. Tulichoka kugongwa, tukamfuata."

Wakacheka, nami nikacheka. Miaka hiyo yote mume wangu aliniambia ni wenzake waliokosea.

Wakarudia. Safari hii Wambui aligeuka kushoto, na mgongo wa lile koti ukazunguka vilevile kama zamani. Nilitazama sakafu.

Nimerudi nalo kupunguza mikono. Nilishika mkasi, nikauweka chini. Nimekunja kitambaa ndani na kukishona kwa mishono mirefu, ya kufumuka kwa urahisi.

Najua Njoroge harudi kulivaa.