Kahawa ya Leonard

Desi rafiki yangu weh, nimechukia ajabu!

Tangu alfajiri niko foleni nje ya jumba la maigizo huku Broadway, New York, nawania tiketi za bei ya chini, mtu wa pili kabisa! Leo tu Maribel dada yangu anashika nafasi ya nyota wa igizo aliyeugua. Leo TU!

Mzee wa mbele yangu, Leonard, akasema, "Mwanangu, tutaganda. Kalete kahawa, nakulindia nafasi."

Narudi, nyuma yake wamesimama wanawake wawili. Akapokea kahawa. Nikasema, "Leonard, waambie basi hapo ni pangu!"

"Kijana, tunafahamiana?"

Desi, "TUNAFAHAMIANA?" Huku anakunywa kahawa yangu!

Dirisha la tiketi likafunguliwa, wale watatu wakazoa mbilimbili, zote sita za bei ya chini, zikaisha.

Anapita na zake, ananinong'oneza, "Mwanangu, ulisahau sukari."