Mgeni wa Ramani

3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na goti linakuacha ulale? Sisi wazima. Mchumba wako ameota jino la pili na anamng'ata kila anayemchekea, kwa hiyo uje ukijua.

Najua utasema mwezi ujao. Tangu mjukuu wako azaliwe ni mwezi ujao tu, Baba. Hujampakata hata siku moja.

Kazini ni moto. Ile tovuti ya ramani ya mji ninayoitunza ilikuwa wazi kama uwanja wa mpira: yeyote anaingia, anaangalia barabara, nyumba, mpaka mabomba ya maji yalipofukiwa. Mkuu wangu ameniagiza niweke mlango. Sasa kila mtu atajiandikisha na kutoa neno la siri. Nimeweka pia programu ya kuichunga tovuti. Inaniambia ikizidiwa, nani kaingia, kwa simu gani, na kafungua vipande gani vya ramani.

Basi nimemnasa mtu! Kila asubuhi anaingia kutoka nje ya mji. Anaanzia stendi ya mabasi, anavuka reli, anapita sokoni polepole, anaishia mtaa wetu. Mtaa wetu, Baba! Nyumba yetu anaikuza mpaka paa linajaza kioo. Mkweo amebadilisha kufuli la geti na kuweka mlinzi, na mimi leo nimemfungia huyo mwizi asiingie tena.

Tuombee.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba, marahaba sana. Goti ni lilelile la siku zote, mwenye goti mzima. Mwambie mchumba wangu meno asiyamalize kwa wengine, aniachie mimi la kuning'atia.

Sasa kaa chini. Umekaa? Mwizi wako ni mimi.

Fundi simu jirani yangu ndiye aliyenionyesha ramani yako. Nikishakunywa chai, naingia. Unakumbuka safari zetu zote, aliyekuwa anauliza njia ni mama yako. Mimi nabeba mizigo, yeye anauliza. Nikiwa peke yangu mdomo unakuwa kama umetiwa gundi. Naona haya, mtu mzima na mvi zangu, kumsimamisha mtu nisiyemjua nimuulize kwa binti yangu ni wapi. Huo mwezi ujao wangu ndio huo, mama. Nikaona niikariri njia mpaka nisimhitaji mtu. Nilishafika sokoni bila kuchungulia. Sasa ramani inaniambia sina ruhusa.

Nifungulie basi.

Baba yako

10 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na nyingine ya kuomba radhi. Nimesoma nikacheka mpaka wenzangu wakageuka, halafu nikaenda stoo nikalia. Niliyemfungia nje ni baba yangu mzazi!

Nimeongea na mkuu wangu. Amekubali barabara na nyumba zionekane na yeyote aliyejiandikisha. Mabomba yatabaki ya wafanyakazi. Jina lako la kuingilia ni "babu". Neno la siri ni lile jina ulilokuwa unambembelezea Mama akinuna. Silitaji hapa. Ukiliandika, namba fupi itakuja kwenye simu yako. Iandike upesi kabla haijaisha muda.

Mwanao

17 Mei

Mama yangu,

Marahaba. Mzima mimi, ila tovuti yako ina kiburi. Namba inakuja, natafuta miwani, nikiipata miwani namba imeshakufa. Mara ya tatu ikanifungia nje kabisa. Fundi simu amecheka hadi akaketi. Mwishowe nikaingia.

Lile jina nilikuwa sijalitamka tangu mama yako atutoke. Sasa naliandika kila asubuhi. Ulifanya vizuri, mwanangu.

Baba yako

5 Juni

Baba,

Shikamoo. Ya afya sitaulizia kwa mzaha leo. Nilikutegea kengele kwenye ile programu yangu: babu asipoingia asubuhi, iniambie. Imelia jana, imelia na leo. Simu yako haipatikani. Fundi simu anasema mlango wako una kufuli kwa nje. Nimejaribu kula nimeshindwa. Kama nimekuchosha na lawama za mtoto, nisamehe, ukae usije hata mwaka mzima, mradi unijibu.

Mwanao

6 Juni, kwa mkono wa mlinzi wa geti lako

Mama yangu,

Sijambo. Goti limevimba kidogo, tutalikanda.

Nilitaka kukushtukiza, kumbe nimekutia presha, mlinzi ameniambia. Safari ni ya siku mbili, na simu ilizima kwenye basi siku ya kwanza. Nikasema si kitu, njia iko kichwani. Nikavuka reli, nikafika sokoni, na mbele ya soko barabara yako imechimbwa yote, wameziba na mabati. Hiyo ramani yako haina! Nikasimama na begi langu hapo, nikawa nimeshaanza kurudi stendi.

Halafu nikamuuliza mtu. Mama mmoja anayeuza viatu. Nilifungua mdomo mimi mwenyewe, nikauliza, akaacha viatu vyake bila muuzaji, akanisindikiza mpaka kona. Njiani nikamuuliza na mwingine, bila sababu. Nilitamani mama yako anisikie.

Sasa mlinzi wako hanifungulii. Anasema ana amri, mtu asiyejulikana hapa haingii, na jina "babu" kwake halitoshi. Nimekaa kwenye benchi lake. Mlete mchumba wangu, mje mseme mimi ni nani.

Baba yako