Kipande cha Kopo Ndani ya Bomba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika, na wa kwako ungelalamika vilevile kama ungeshinda umeinama chini ya boneti. Wifi yangu hajambo? Na watoto? Yule mdogo ameshaacha kula sabuni, au ndiyo mmemzoea hivyo hivyo? Mama anasema miguu imepungua kuvimba na anawasalimu wote. Baba yupo. Habari zake ndizo zitakazojaza karatasi hii, kwa hiyo kaa vizuri.

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama mzee arudishiwe funguo za pikapu, eti siku hizi ukimkumbuka chakula hakipiti. Maskini wee! Jibu utalipata, lakini kwanza nisikilize.

Siku ile ya mlima wa machimbo unaikumbuka. Tulikuwa tumepakia saruji ya yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, baba kwenye usukani, wewe pembeni yake na miwani yako ya jua, mimi nyuma juu ya mifuko pamoja na wapakiaji. Katikati ya mlima gari likaishiwa pumzi. Baba akashusha gia, likazidi kukohoa, moshi mweusi ukatufunika huku nyuma mpaka tukawa hatutambuani. Likazima. Ukashuka ukamwambia mzee, wapakiaji wakisikia, kwamba anakanyaga mafuta kama anayeua nyoka, kwamba amekuulia gari lako, kwamba uzee umemshuka hadi mguuni. Ukanyoosha mkono, akakupa funguo. Mpakiaji mmoja akacheka, na wewe ukacheka naye.

Kisha ukanirushia mimi zile funguo ukisema kwamba hata huyu ataendesha vizuri kuliko yeye. Ulikuwa unamsuta tu, najua. Lakini mimi nilizidaka, na mpaka leo sijaziachia.

Nisikudanganye kaka, nilifurahi. Wewe ulifundishwa gari ukiwa bado unapiga chafya kwa vumbi kila ukipanda kiti cha mbele. Mimi nilipoomba, baba alicheka mpaka akashika mbavu, akasema usukani si mwiko, nikamsaidie mama. Nilikuwa nikiliosha gari, yeye akiligeuza pale uani, basi. Kuendesha nilijifunza mwenyewe gerejini, nikisogeza magari ya wateja kutoka kivulini kwenda juani na kurudi. Kwa hiyo siku aliyovuliwa funguo nilimtazama usoni, na sikumwonea huruma hata chembe.

Sasa tuje kwenye gari lako. Mlipolivuta hadi gerejini, bosi wangu Koti (unamjua, yule asiyevua koti hata jua likiwaka) alitaka kufungua vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Alikuambia kwamba moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani mara nyingi huanzia hapo, maana masizi huganda na vali ikakwama wazi. Ukamkatiza. Ukasema asipoteze muda, ubovu ni dereva, na boneti ukaifunga wewe mwenyewe kwa mikono miwili. Nilishangaa. Wewe na kuchafua mikono, wapi na wapi? Kesho yake ukasafiri.

Nikaendesha hivyo hivyo, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, wenye mizigo wananitukana. Mpaka siku moja gereji haikuwa na kazi, nikafungua pale ulipokataa pasifunguliwe. Masizi yalikuwa yamejaa ndani kama ugoro uliolowa. Nilipokuwa nakwangua, bisibisi ikagonga bati. Kwenye kiungo cha bomba mtu alikuwa ameweka kipande cha kopo la rangi ili kuziba moshi usirudi. Bati laini kiasi kile, kwenye joto lile! Katikati lilikuwa limeungua likatoboka, na mabaki yake yalikuwa yamevutwa yakaikaba vali isifunge tena. Gari lilikuwa linavuta moshi wake lenyewe, bila kupumzika. Hata angeliendesha malaika, mlima ule lisingeupanda.

Nilikipeleka kile kipande kwa fundi wa pikipiki pale kona, maana najua kukata bati kwa mkasi butu hivyo ni kazi ya nani. Hata sikumbana. Alisema likizo yako ya kabla ya ile ulikuja kwake, ukakaa kwenye benchi lake ukinywa soda, ukamwambia wenzako kazini wameziba mabomba ya kwao na sasa magari yanapaa. Alikusihi usubiri atafute chuma kinene. Ukasema una haraka, akate kopo lolote lililopo, na mzee asiambiwe kwa sababu ana maneno mengi.

Kwa hiyo pale mlimani ulijua, kaka, au ulijua ulipofika gerejini. Chagua unapopenda. Mimi kipande kiko kwangu, nimekifunga kwenye kitambaa.

Vali niliiloweka kwenye petroli, nikaisugua kwa mswaki mpaka ikang'aa, nikaweka gasketi mpya, nikaifunga. Kesho yake mlima wa machimbo niliupanda na saruji nyingi vilevile, sikushusha gia hata mara moja. Wapakiaji walipiga makofi.

Jioni nilipoingia uani baba alikuwa barazani. Siku hizi haendi popote. Amechomoa kiti kibovu cha gari kule gerejini, amekiweka pale ukutani, na hapo ndipo anaposhinda. Aliusikia mlio kabla hajaniona. Akasimama. Akaniuliza nimelifanya nini, mbona linapumua vile, au kuna kitu nilichokikuta kimeharibika. Alikuwa amenishika mkono wakati akiuliza.

Nilimjibu kwamba sikukuta kitu. Nikamwambia ni mguu tu, ukikanyaga vizuri gari halina shida.

Ndiyo, kaka, nilisema hivyo. Ningemwonyesha kile kipande angepona palepale, na kesho yake angekuwa kwenye usukani na mimi kwenye ndoo ya kuoshea magurudumu. Kwa hiyo jibu langu ni hili: usimrudishie. Ukimrudishia, nitakiweka kipande hicho mkononi mwake, nimwite na fundi wa kona aeleze mbele ya mama na wale wapakiaji. Ukinyamaza, nami nitanyamaza, na gari lako litakuwa linapanda mlima kila siku. Tusijifanye mmoja wetu ana roho nzuri.

Naona baba kakubali kabisa kwamba kosa lilikuwa lake. Juzi aliniomba nimfundishe namna ninavyoweka mguu. Mimi nimfundishe yeye! Nimemkubalia. Jioni anakaa kwenye kiti chake pale barazani, anavua ndala, anakanyaga sakafu polepole, anaachia, anakanyaga tena, ananitazama kuona kama amepatia. Namwambia bado, baba.

Wifi mpe salamu nyingi, na watoto uwabusu. Mama anaomba picha zao. Baba naye anakusalimu sana. Ameniambia nisisahau kuandika kwamba anakuomba umsamehe kwa gari lako.

Ni mimi mdogo wako,
dereva.