Nilipeleka Mkeka, Sikupeleka Maiti

Likasi, Kikula
Jumapili baada ya misa

Yaya Veronika, dada yangu,

Salamu kwako na kwa wote wanaokula kwenye sufuria yako. Miguu ya mama inaendeleaje? Bado inavimba akikaa muda mrefu, au ile dawa ya jirani imemsaidia? Na ziwa limerudi nyuma, au bado linakula nyumba za watu huko Kalemie? Sisi tuko wazima. Wifi yako Georgette anakohoa kidogo kwa vumbi, maana mvua imechelewa na malori ya mawe hayapumziki, lakini anakohoa huku anasema, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu. Alhamisi ulinipigia simu, ukanifokea kama ulivyonifokea nilipochana daftari lako la shule, halafu ukakata kabla sijafungua mdomo. Naandika kwa sababu barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini nakujua: utaisoma kwanza.

Umeambiwa kwamba mdogo wako amepeleka maiti kwenye lango la tajiri wake. Uongo. Marehemu alikuwa amelala mochari kwa heshima zake zote. Mimi nilipeleka mkeka. Na hata huo mkeka haukuwa wazo langu, kama utakavyoona, ingawa kesi ni yangu.

Unamkumbuka Kasongo? Ni yule mrefu wa kwenye tanuri la shaba kiwandani kwetu, niliyekuja naye Kalemie mwaka mama alipougua, akala samaki wako mpaka ukaficha sahani. Mkewe Béatrice, ambaye sote tulimwita Mama Béa, alifariki Jumatatu iliyopita. Alilalamika kichwa wakati wa kwenda sokoni, na saa sita mchana Kasongo akaitwa kutoka kwenye moto akiwa bado na kofia ya chuma kichwani.

Siku tulipoajiriwa, kila mmoja wetu alipewa kijitabu cha mkataba. Wengine walifungia karanga. Mimi nilikisoma, na ndiyo maana wenzangu walinichagua niwe mjumbe wao. Kimeandikwa bila kona wala giza: mfanyakazi akifiwa na mke au mtoto, kampuni itatoa sanduku na gari la kwenda makaburini. Si zawadi hiyo, Yaya. Si huruma. Ni sehemu ya mambo tuliyokubaliana kabla hatujaingiza mapafu yetu mle ndani.

Basi Jumanne asubuhi nikamshika Kasongo mkono, tukaenda kwa shefu wa wafanyakazi. Usidhani ni mgeni kutoka nchi za mbali. Ni mtoto wa hapa hapa, amezaliwa Kambove, anajua kulia kilio kama sisi. Hakuinuka kitini.

"Pole sana, Papa Kasongo," akasema. "Lakini bibi yako haiko ku liste."

"Haiko namna gani? Ni bibi yangu tangu miaka kumi na nane."

"Karatasi ya ndoa ya komini iko wapi?"

"Nililipa mali kwa bazazi yake. Padri akatubariki. Bote banajua."

"Bote banajua, lakini masini yangu haijue." Akaigonga kompyuta yake kwa kidole, kana kwamba ndiyo iliyomkatalia na yeye analia pamoja nasi.

Nikatoa kijitabu. Nikasoma kifungu chote kwa sauti, nikakirudia, mpaka karani wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Shefu akaningoja nimalize. Halafu akatabasamu.

"Weye na bitabu yako, Papa Dieudonné! Soma tena pole pole. 'Mke halali.' Neno 'halali' uliliruka juu ya nini?"

Nakwambia ukweli, Yaya: neno lilikuwepo. Nimelipita mara mia, kama unavyompita mlinzi uliyemzoea getini. Katika mji huu mwanamume anakwenda kwa wakwe, anatoa mahari, anakwenda kwa padri, basi, ameoa. Komini, ofisi ya serikali, tunakwenda kuandikisha baiskeli. Hakuna mtu katika kiwanda chetu aliyewahi kufikiri kwamba wakwe na Mungu hawatoshi, na kwamba siku ya msiba atatakiwa shahidi wa tatu mwenye muhuri.

Kasongo alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Tulipofika nje akaniuliza, "Sasa nitamuzika na nini? Na mukeka?" Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikafungua tena kijitabu.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kuandika barua ya malalamiko kwa mkaguzi wa kazi. Ilikuwa imefika ukurasa wa nne, na kurasa zote nzuri, nilipomsikia Georgette nyuma yangu, akiniita kwa jina la mtoto wetu.

"Papa Odette, unatafuta nini mu ile kitabu tangu asubui?"

"Natafuta jibu la kumfunga shefu mdomo."

"Jibu iko ku kamba."

"Kamba gani?"

"Kamba ya nguo. Inua macho."

Nikainua macho. Kwenye kamba palikuwa na kikwembe chake cha kijani, kile kitenge chenye alama ya kampuni, chungu kinachomimina shaba. Kila sikukuu ya wafanyakazi kampuni inawagawia wake zetu vikwembe hivyo ili waandamane mbele ya wakubwa. Ofisi ya shefu ndiyo inayoandika majina. Shefu mwenyewe ndiye anayewapanga mistari, warefu nyuma, wafupi mbele. Na mwaka huu aliyebeba kitambaa cha mbele, kilichoandikwa "Wake wa wafanyakazi wetu", alikuwa nani? Mama Béa.

Yaya, niliichana ile barua ya kurasa nne kwa mikono yangu mwenyewe. Alipokuwa akiandamana juani ili tajiri aonekane baba mwema, alikuwa mke. Alipohitaji mbao sita na gari, akawa mtu asiyejulikana! Huo ndio ujanja wao wote, na nimeusoma katika vitabu vingi bila kuuona ukikauka uani kwangu.

Jumatano asubuhi, kwa wazo la Georgette, tukahamisha kilio mpaka kwenye lango la kiwanda. Wewe unajua kilio hukaa nyumbani kwa marehemu. Watu wa ukoo waliguna kidogo, lakini Kasongo akasema, "Kampuni njo ilikunywa nguvu yangu yote, njo nyumba yangu," na kama kampuni ndiyo nyumba yake, maneno yakaisha. Tukakata matawi, tukayaweka barabarani kama inavyofanywa popote penye msiba, tukatandika mikeka mbele ya lango. Wanawake walikuja wote na kikwembe cha kijani. Hata wale waliokuwa wamekishona mapazia waliyashusha.

Walinzi walitoka na virungu, wakaona mikeka, wakaona Kasongo amekaa chini bila viatu. Mkubwa wao akaweka kirungu ukutani, akavua kofia, akaja kutoa pole. Ungefanya nini? Nani atafukuza kilio? Kisha yakaja malori ya mawe. Wanasema niliyazuia. Sikugusa hata tairi! Dereva wa kwanza alisimama, akashuka, akampa Kasongo mkono, akakaa kidogo, akainama. Wa pili hakuweza kumpita wa kwanza. Wa tatu alikuwa ni ndugu wa kanisa la Mama Béa, huyo alilia kabisa. Kufikia saa nne malori yalikuwa yamefika mpaka kwenye kona ya reli, na kila dereva alikuwa akisubiri zamu yake ya kutoa pole kama mtu mwenye adabu.

Hapo akaingia Mama Chansa. Huyu ni muuza mikate wa mtaa wetu, mwanamke mnene wa miaka hamsini, lakini kwa ukoo anahesabiwa mjukuu wa marehemu. Na hapa mjukuu ndiye mtani wa kilio: ana ruhusa ya kumtania yeyote, hata marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Alikuwa amevaa tai ya mume wake juu ya kikwembe, na chini ya kwapa ana sinia la mikate kama mashine ya shefu.

"Béatrice!" akaita, akigonga sinia kwa kidole. "Béatrice, niko nakutafuta ku masini, siku­kuona! Karatasi ya kufa iko wapi? Bila karatasi hauyakufa! Amuka, wende upike, bwana yako eko na njaa!"

Wanawake wakacheka mpaka wakalia, wakalia mpaka wakacheka. Kasongo mwenyewe, ambaye alikuwa hajameza kitu tangu Jumatatu, nikamwona mabega yanatikisika, sijui kwa lipi kati ya hayo mawili.

Shefu akatoka kwa miguu wakati Mama Chansa yuko katikati ya mchezo. Akajiona. Tai yake, sauti yake, kidole chake. Alitaka kupita pembeni, lakini mjukuu alimkamata mkono wa shati.

"Weye, mutoto ya Kambove! Bazazi yako balikufundisha kupita ku kilio umesimama?"

Akasimama pale. Nyuma yake madirisha ya ofisi yalikuwa yamejaa vichwa. Angeweza kuita polisi. Lakini alikuwa mtoto wa watu. Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, katikati ya vikwembe vyote vile vya kijani. Na nilipotaka kuanza hotuba yangu, nilikuwa nimeiandaa, Yaya, ilikuwa nzuri, Georgette alinikanyaga mguu.

"Papa shefu," akamwuliza kwa upole, "hii kikwembe, nani alitupatia?"

"Kampuni."

"Kampuni ilipatia banani?"

Akatazama chini. "Bibi ya bafanyakazi."

"Na Béatrice, alivaa ao hakuvaa?"

"Alivaa."

"Aksanti. Basi lete sanduku."

Hayo tu. Mimi na miaka yangu yote ya kusoma, sijawahi kushinda mjadala kwa maneno machache namna hiyo. Saa tisa gari lilifika na sanduku, mbao nzuri, vishikio vinne. Tukatoa matawi barabarani, tukakunja mikeka, na malori yakapita. Mama Béa tulimzika siku hiyo hiyo jua likiwa bado juu, amefungwa kikwembe chake cha kijani. Kasongo aliomba iwe hivyo.

Kesho yake, ndiyo ile Alhamisi uliyonipigia, nikapewa karatasi: nieleze kwa maandishi, ndani ya siku mbili, kwa nini nilizuia malori ya kampuni, na niombe radhi, nikikataa, nifikirie kazi yangu. Wewe ulisema kwenye simu, "Una miaka hamsini na moja, nani atakuajiri tena? Omba radhi, unyamaze!" Yaya, ni nani aliyenifundisha kusoma jikoni, nikiwa na miaka mitano, akinipiga mwiko kila nilipomung'unya maneno? "Soma kwa sauti!" ulikuwa unasema. Ndiyo ninavyosoma mpaka leo.

Nimejibu jana, kwa mistari miwili: "Nilikuwa kwenye kilio. Madereva walisimama kutoa pole, na nashangaa kampuni ndiyo ilikuwa ya mwisho kuitoa." Nimetia sahihi. Radhi sikuomba. Wakinifukuza, watanifukuza kwa hayo, na wayaandike wazi kwenye karatasi ili niyasome kwa sauti getini.

Lakini kuna jambo sikutaka kukwambia kwenye simu, hata ungenipa nafasi. Jioni ya mazishi Georgette alinawa miguu, akakaa, akaniuliza: "Na miye, siku yangu, utabishana na kitabu gani?"

Nikaenda kutazama karatasi yangu ya kazi. Pana mstari unaouliza jina la mke. Miaka ishirini na miwili mstari huo uko mtupu. Mjumbe wa wafanyakazi! Msomaji mkuu! Nimewatetea wake za watu wote, wangu sikumwandika. Sikupata usingizi kwa aibu, na sitamwambia shefu, lakini wewe nakwambia.

Kwa hiyo nisikilize. Tumekubaliana wanaume kumi na watano wa kiwanda, tunakwenda komini kuandikisha ndoa zetu pamoja, mashahidi wetu ni watu wa kilio. Si kwa sababu muhuri ndio utakaomfanya Georgette mke wangu. Alikuwa mke wangu kabla huyo shefu hajajifunza kufunga tai. Ni kwamba ile nafasi ndogo waliyojificha ndani yake tunaiziba, na siku nyingine watatafuta uongo mpya kwa jasho lao wenyewe.

Komini wanataka cheti cha kuzaliwa, na changu kiko katika sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, ndani ya bahasha ya picha za ubatizo. Mpe huyu anayekuletea barua. Ni kaka wa fundi wetu wa umeme, anarudi kwa treni baada ya wiki moja. Ukiwa bado na hasira, mpe hivyo hivyo na hasira, mradi kifike.

Msalimie mama, mwambie mwanawe anaoa, acheke. Msalimie shemeji Anaclet, mume wako mvumilivu, fundi wa redio. Shangazi Sidonie aliyenilea nilipokuwa na surua. Na binamu Fidèle, katekista, ambaye atasema ndoa ya kanisa ingetosha. Mwambie aje amweleze shefu.

Georgette amekataa gauni jeupe. Anasema siku hiyo atakwenda komini na kikwembe cha kijani, na wenzake kumi na wanne vile vile, wapite kwanza mbele ya lango la kiwanda, warefu nyuma, wafupi mbele, kama shefu alivyowafundisha.

Ni mimi mdogo wako, bado nasoma kwa sauti,

Dieudonné